Tapeti Inayolia

Waberi nzima, mjini Garissa, hakuna fundi aliyerauka kama Sahro. Akishaswali alfajiri, jua bado halijachoma mabati, kichwa chake kimeshazama ndani ya boneti. "Jua la huku huwasha injini bila ufunguo," alipenda kusema. Kwake yeye tapeti, vile vyuma vinavyosukuma vali za injini, hupimwa chuma kikiwa kimepoa, basi.

Asubuhi hiyo alikuwa na Landrova la mzee Mohamud, ambaye alimwita Adeer, yaani ami kwa heshima, gari kuukuu kumshinda Sahro mwenyewe kwa umri. Kesho yake lilipaswa kumpeleka Idman, binti wa mzee, kwa mumewe kule Eldas, Wajir. Marehemu mamake Idman aliletwa nyumbani akiwa bibi harusi kwa gari hilohilo, na Idman alikuwa ameapa hapandi jingine.

Ila lilikuwa likigonga. Tak-tak-tak-tak.

"Watu wa Eldas watasema nimemleta binti yangu kwa mashine ya kusaga," mzee alilalama. "Linyamazishe!"

"Adeer, gari la zamani lazima ligonge kidogo."

"Hata wewe unagonga, tangu nifike hujafunga mdomo. Linyamazishe, Sahro!"

Sahro alicheka. Nani amkatalie baba wa bibi harusi? Akashika spana na bisibisi, akaukaza ule mwanya mwembamba juu ya kila vali mpaka kimya kikaingia. Injini ikavuma kama nyuki. Mzee akapiga makofi.

Wakatoka kulijaribu. Daraja la Tana walilivuka vizuri. Jua lilipopanda, Landrova likaanza kukohoa, likaishiwa nguvu, likazima katikati ya barabara.

"Na kesho?" mzee aliuliza.

Sahro alijua. Vali zilikuwa zimepata moto zikarefuka, na yeye hakuziachia pa kurefukia, kwa hiyo hazikufunga tena. Chuma kigumu vile kimekua chenyewe, kwa kadiri isiyofika unene wa unywele, na kimeangusha gari zima! Miaka yote ya ufundi, na bado jambo hilo lilimsisimua mwili. Subhanallah.

"Kosa langu, Adeer. Nimelibana pumzi."

Lilipopoa, likajikokota hadi gereji. Alfajiri iliyofuata Sahro aliweka kiganja juu ya injini. Bado ilikuwa na uvuguvugu wa jana. Akangoja upepo umalize kazi yake, wakati wanawake waliokuja kumsindikiza bibi harusi wameshaanza kuimba uani. Kisha akapenyeza kibati chembamba cha kupimia, vali baada ya vali, akisikiliza kwa ncha za vidole: kipite, lakini kikwaruze.

Akawasha. Tak-tak-tak-tak.

Mohamud, mfugaji wa ngamia tangu utotoni, akafumba macho. "Kumbe ni koor," alisema taratibu, akimaanisha ile kengele ya mti wanayofungwa ngamia shingoni. "Ikilia, ngamia yupo. Ikinyamaza, chukua fimbo ukamtafute."

Idman akapanda kwa vigelegele, babake kando yake, gari likaondoka.

Mchana kutwa Sahro hakushika kazi. Joto lilipokuwa kali kuliko yote, alitazama upande wa Wajir, akaziona vali zile akilini zikirefuka gizani, kila moja ikijaza nafasi aliyoiachia.

Jua likielekea kuzama, simu ikalia: Mohamud. Sahro akaipokea. Mzee alikuwa ameishikilia simu juu ya boneti, na katikati ya vigelegele vya Eldas, Sahro akasikia: tak-tak-tak-tak.