Matairi Mapya ya Shemeji

Jumamosi tulijazana kwenye gari la shemeji, tukienda msibani Namawala. Alikuwa amelifungia matairi makubwa, na njia nzima aliyasifia. Kwenye kona, lori la mpunga likatutokea mbele. Shemeji akakata kushoto, tairi likakwaruza bodi na usukani ukagoma. Harufu ya mpira ulioungua ikatujaa puani. Mama yake shemeji, aliyekaa nyuma nasi, akakamata rozari. Lori likatupita kwa upana wa kiganja.

Tuliposimama, shemeji alishuka, akapapasa tairi.

“Niliyajaribu gereji, hayakugusa popote!”

“Uliyajaribu na nani?” mama yake akauliza.

“Peke yangu.”

“Basi endelea peke yako. Sisi tunatembea.”

Tukatembea kwenye tope. Wanaume wengi tunajipima hivyohivyo, gari likiwa tupu.