Kidoti Chekundu Kando ya Kijito

Sifa ni zako, Mungu uliyelitandaza anga juu ya Ufipa, ukanipa na miaka mingi ya kulitazama. Nakushukuru hata kwa ile siku uliyonicheka.

Kiangazi kile tulikuwa tunachoma matofali ya kanisa la kigango chetu, nje kidogo ya Pito. Mimi ni katekista, watu huniita Mwalimu, na wakati huo nilikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya kijiji ya kuzuia moto. Kila Jumapili, kwenye matangazo, niliwakumbusha watu kwamba Mfipa nyasi hachomi. Anazifukia ndani ya matuta zioze, mahindi yapate kula.

Asubuhi moja akaja afisa kilimo wa kata, binti mchangamfu, simu mkononi.

"Shikamoo babu. Kijijini kwako kuna moto."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Satelaiti."

Akanieleza kwa subira. Vyombo hivyo hupita juu sana, kimoja kikipima joto la maji ya ziwa, kingine kikifuata mawingu, kingine kikitazama mashamba kama yamenawiri au yamekauka. Hiki chake kilihisi joto la moto. Nikavaa miwani. Kweli, kwenye ramani ya simu kidoti chekundu kilikuwa kando ya kijito, upande wa jirani yangu mfugaji, aliyehamia kwetu na ng'ombe wake kutoka Usukuma.

Mungu anisamehe, sikuuliza swali la pili. Alasiri hiyo kulikuwa na mkutano wa kijiji, na anayechoma nyasi hunyang'anywa ruhusa ya kuchunga bondeni. Kiangazi, bonde lile ndilo pekee lenye majani. Bila hilo jirani angehama. Hata hivyo nilipita kwa mtendaji wa kijiji, nikamwambia jina la huyo aliandike la kwanza.

Mimi na binti tulimkuta jirani akikamua.

"Mwalimu, karibu maziwa."

"Sikuja kunywa. Umechoma wapi?"

"Nichome majani, halafu ng'ombe wangu wale nini? Masufuria?"

Tulizunguka bonde zima. Hakuna hata unyasi mmoja mweusi. Binti akakuna kichwa.

"Babu, kidoti hiki si ncha ya sindano. Kinaweza kusogea kidogo." Akanusa upepo, akatazama ng'ambo ya kijito. "Ule moshi je?"

"Ule si moto," nikajibu upesi. "Lile ni tanuri la kanisa."

Jirani aliweka ndoo chini kwanza, apate kucheka vizuri.

Nikajitetea kwamba tanuri lile padri mwenyewe alilinyunyizia maji ya baraka.

"Mwalimu, na maji yote hayo halikupoa?"

"Satelaiti haijui kanisa, babu," binti akasema, akijiuma midomo. "Inajua joto tu."

Siku tatu nilikuwa nimelisha magogo tanuri lile, na moyoni sikuwahi kuliita moto. Moto ulikuwa kitu cha watu wengine.

Alasiri mtendaji alianza kusoma jina la jirani. Nikasimama kabla hajafika mwisho. Nilisema moto ni wangu, na kwamba nilimtaja mtu kabla sijatazama. Watu walicheka mpaka mkutano ukasahau ajenda ya pili. Ruhusa ya jirani ikabaki. Alipoulizwa kama ana neno, akasema, "Ninalo. Jumapili, kwenye matangazo, Mwalimu alitangaze na hili."

Nikalitangaza. Jumatatu yake akaleta mkokoteni wake wa ng'ombe, tukasomba matofali pamoja. Tangu hapo haniiti Mwalimu tena. Ananiita Kidoti, hata mbele ya padri, nami huitika.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akutazame kutoka juu kwa huruma, na akuangalie vizuri kabla jirani hajakutaja. Mahindi yako yanawiri, na moshi wa nyumba yako uwe wa chakula. Amina.