Dada Beryl Alikata Kucha Bure

Kosa ni langu. Naliandika kwenye mstari wa kwanza kabisa ili usije ukafika katikati ukaanza kunionea huruma. Huruma mpe Dada Beryl. Hilo si jina lake, lakini akisoma atajijua, na atasonya.

Nilikuwa nafanya kazi kwa ofisi ya chumba cha barafu, hapa Kisumu, karibu na ziwa. Akina mama wanaleta samaki asubuhi, jina linaingizwa kwa kompyuta, stika inatoka, inabandikwa kwa kreti, samaki wanaingia kwa baridi. Bila stika, hakuna kuingia. Beryl alikuwa wa kompyuta. Mimi nilikuwa wa kubeba na kubandika.

Fomu Foo nilimaliza kwa shida, lakini ndoto ninazo, jamani! Nataka kutengeneza katuni za kiboko aliyepanga nyumba Migosi, anayegombana na majirani kila siku kwa sababu anamaliza maji ya ploti.

Kompyuta ya kuchorea sikuwa nayo. Ofisi ilikuwa na tatu, zimeunganishwa kwa waya: ya Beryl, ya meneja, na ya chumba cha nyuma, iliyokuwa ya marehemu Mzee Ochola. Tangu tumzike, ilifunikwa leso. Tulikubaliana sote kiti chake kisiguswe mpaka ibada ya ukumbusho ipite.

Sote isipokuwa mimi!

Siku moja Beryl alipeleka mtoto kliniki, akanipa neno lake la siri nimshikie kazi. "Ni leo tu, omera, ndugu yangu." Leo tu! Kuanzia hapo, kila saa ya chakula niliinua ile leso, nikaingia kwa jina la Beryl, nikachora kiboko wangu. Nikimaliza nazima kioo tu, nafunika. Mashine yenyewe inabaki macho, bado inajiita Beryl.

Mwezi ulipoisha, Beryl akabadilisha neno lake la siri, kama ofisi inavyotaka. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Yuko katikati ya kuandika, kompyuta inajifunga. Meneja anamfungulia kutoka kwake, dakika kumi haziishi, imejifunga tena. Foleni imesimama, jua limetoka, samaki aina ya ngege wanalegea kwa kreti.

"Beryl, samaki wangu wanaiva hapa!" Mama Apiyo, mteja wetu wa miaka, akapaza sauti. "Basi niletee tu ugali!"

Fundi akaitwa. Akabadilisha waya, akakagua kibodi, akatafuta virusi. Mwisho akasema kuna mtu anaingiza neno la siri la makosa mara kwa mara kwa jina la Beryl, na mashine ikiona hivyo inadhani ni mwizi, inafunga. Akauliza kuhusu ile ya nyuma.

"Hiyo ni ya marehemu," meneja akamwambia. "Haitumiki."

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na kreti begani. Nikajifanya nasoma stika!

"Sasa nani anakosea?" meneja akauliza.

Na mimi, kwa huu mdomo wangu wa kuchekesha watu, nikasema, "Si ni hizo kucha, bosi! Akibonyeza A anagonga na S."

Wote wakacheka. Hata Beryl alicheka. Meneja hakucheka. Alizitazama zile kucha, ndefu, nyekundu, kama mtu aliyepata jibu.

Jumatatu Beryl alikuja amezikata. Zote kumi! Vidole vyake vilikuwa kama vya mtoto. Alibonyeza herufi moja moja, polepole, kama mtu anayevuka matope na viatu vipya.

Kompyuta ikajifunga.

Saa ya chakula nikainua leso, mara ya kwanza tangu balaa lianze, nikawasha kioo. Kulikuwa na kisanduku kidogo: jina la Beryl, na chini yake, neno la siri si sahihi. Ile mashine ilikuwa inajaribu kufungua mafaili ya ofisi kwa neno la zamani, yenyewe, kutwa nzima. Mwizi alikuwa mimi.

Niliizima kabisa, nikachomoa na waya. Nikajiambia nimeshamwokoa, hakuna haja ya kusema.

Jioni hiyo hiyo meneja akamfuta kazi. Aliandika "uzembe". Kesho yake akanikalisha mimi kwa kiti cha Beryl, na kwa sababu kompyuta haikujifunga tena, kila mtu akaamini kosa lilikuwa lake.

Nilikalia kile kiti siku tisa. Siku ya kumi niligeuza kibodi nikipangusa vumbi, kikaanguka kipande cha kucha nyekundu.

Nikasimama mbele ya foleni yote, nikasema kila kitu. Leso, kiboko, kila kitu!

"Njoo ndani tuongee," meneja akasema.

"Tuongelee hapa."

"Imeshaandikwa. Nikibadilisha nitaonekana mjinga."

"Basi tuonekane wajinga wawili!"

Mama Apiyo akashusha kreti yake mlangoni, akaikalia. "Andika, Baba. Sisi tunangoja. Leo acha samaki waive vizuri."

Akaandika. Beryl akarudishwa. Mimi nikaambiwa niende, nikaenda kichwa kikiwa juu, na sitakishusha. Mtaani wananiambia ningenyamaza tu, ningekuwa bado na kazi. Nyamazeni nyinyi! Sasa napakua mizigo soko la Otonglo, na kiboko wangu namchora kwa maboksi ya nyanya. Kuchora sitaacha. Kuota si kosa. Kujificha ndani ya jina la mtu, hilo ndilo kosa.

Nilienda kumwomba Beryl msamaha. Alinitazama kupitia dirisha la kutolea stika.

"Eh! Umekuja kufunga nini leo?"

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha.

"Kazi nimekusamehe, omera," akasema. "Kazi imerudi. Lakini kucha zangu? Unajua nilizifuga muda gani?"

 

Kwa hivyo wewe unayesoma hii ukiwa umeingia kwa jina la mtu mwingine, toka. Zima mashine nzima, sio kioo tu. Na kama umeshaharibu, sema leo, mbele ya watu, hata sauti ikitetemeka. Usingoje mpaka mwenzako aje kazini Jumatatu amekata kucha.