Mpiga Kengele: Mmoja

Nimewahi kumzika mtu nisiyemjua, nikamlilia kwa machozi ya kweli. Nianze na ujinga huo, mengine yatafuata yenyewe.

Nilikuwa karani wa shule ya serikali hapa Dar es Salaam, enzi za Mwingereza. Nyumbani sifa yangu ilikuwa kununa. Nikishajilaza mkekani hunitoi nje hata kwa winchi ya bandarini, na wimbo wangu ulikuwa mmoja: mwalimu mkuu Mzungu ananiita "karani" tu, miaka kumi na moja, kana kwamba mama alinizaa nimeshika kalamu.

Daftari la watumishi niliandika mimi. Wazungu kwa majina na vyeo, walimu wetu majina bila vyeo, mwisho kabisa, "Mpiga kengele: mmoja." Mzee huyo akishapiga ya saa nne hupita dirishani kwangu, nikampa shikamoo, akaniitikia. Siku moja aliniomba nimwandike humo kwa jina lake. Nikamtania: mzee, wewe kila mtu anakujua, jina la nini tena? Akacheka kidogo, akaenda zake. Jina lenyewe sikumuuliza.

Asubuhi moja kengele haikulia. Mfagizi wa shule akaja kuniambia mzee amefariki, maziko yanatoka nyumbani kwake Kariakoo baada ya adhuhuri. Yeye akatangulia, mimi nikazuiwa na barua za mkuu. Nilipofika Kariakoo ndipo nikagundua sina cha kuulizia. Nyumba ya mpiga kengele? Wauza ndizi wakanitazama tu. Mara likapita jeneza, watu wakileta shahada. Nikashukuru Mungu, nikatia bega. Makaburini nikatupia udongo wangu, nikamwomba radhi kimoyomoyo, nikaahidi kesho jina litaingia daftarini.

Mtu wa kando yangu akauliza nilimjuaje marehemu. Nikamwambia alikuwa akitupigia kengele shuleni.

"Huyu? Huyu alikuwa fundi viatu, bwana."

Mzee wangu walikuwa wameshamzika, na mimi sikuwapo.

Nikarudi kwangu, mtaa wa Gerezani, na udongo wa kaburi la fundi viatu kwenye kucha zangu zote. Jirani yangu, mama wa vitumbua, ambaye manung'uniko yangu huyasikia ukutani kila jioni, akanipa pole. Nikamweleza yote, nikitegemea atanifariji. Akageuza kitumbua kwanza, kisha akasema:

"Kutwa unalia Mzungu hakuiti jina. Na wewe, mzee wa watu ulimwita nani?"