Pengo Kwenye Ua la Minyaa

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikimtunza mzee mmoja wa Kihindi kule Bowie, Amerika, profesa mstaafu aliyefiwa na mkewe. Bowie bila gari ni adhabu. Nilitoka Adelphi, nilikokuwa nikiishi, alfajiri kwa mabasi, kisha nikatembea kando ya nyumba kubwa zisizo na mtu nje, hata wa kusalimia. Macho ya mzee yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo nikishampa dawa na uji, kazi yangu ilikuwa kumsomea vitabu vyake na kumweleza picha.

Vitabu vilihusu makabaila wa India ya kale. Wafalme waliwagawia mabwana na mahekalu vijiji vizima, wakachora hati kwenye vibamba vya shaba ili mchwa wasizile. Mimi nilipenda picha za mahekalu. Bwana mmoja amejichongesha mdogo miguuni pa mungu, anajifanya mnyenyekevu na shanga zimemjaa shingoni! Pembeni yake mwanamke anajitoa mwiba unyayoni. Huyo nilimwangalia sana, maana mama yangu hujitoa miiba vivyo hivyo, mkono mmoja ameshika mgomba. Nilimkumbuka mama.

Siku moja nilimsomea jinsi mpaka wa kijiji kilichogawiwa ulivyowekwa. Wazee wa kijiji waliitwa, tembo jike akatembezwa kukizunguka kijiji, nao wakamfuata. Nilimuuliza mzee kama wakulima waliokuwa humo ndani waliulizwa lolote. Akacheka mpaka akakohoa, akasema walitolewa zawadi pamoja na visima na miembe. Nikaendelea kusoma: alikopita tembo walisimika mawe, wakapanda mti usio na majani, unaotoa utomvu mweupe.

Huo ni mnyaa, na kwetu mpaka ni mnyaa.

Mwaka huo huo kwetu walikuwa wakigawa shamba la marehemu baba. Desturi yetu ni kwamba kila mtoto hupanda minyaa ya mpaka wake kwa mkono wake mwenyewe. Anayepandiwa na mwingine ni yule aliyekwisha kufa. Nami makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa bado. Nikitoka Amerika, sirudi, na ada za shule za wadogo zangu zilitoka kwangu. Kaka alinipigia akanitania kwamba mwacha asili ni mtumwa, halafu akasema, kwa upole kabisa, kwamba mkewe angeweza kunipandia ili mambo yaishe. Nilimwambia afanye atakavyo. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa nalia.

Jumapili moja mama alinipigia kutoka posta ya sokoni, mahali asipopapenda kwa sababu kila mtu husikiliza. Hakunisalimu kwa kirefu kama kawaida yake.

"Nimemkatalia kaka yako," alisema. "Mimi sijazika binti. Upande wako wa kaskazini nimeuacha wazi."

Nilimuuliza kama mbuzi wa jirani hawataingilia hapo. Akasema wanapita hapo kila siku na maharagwe wamekwisha kuyamaliza.

"Waache wale, nikiweza nakaa hapo nawafukuza," akasema. "Lakini mwanangu, mimi nazeeka."

Kesho yake nilimsimulia mzee. Hakunifariji, na nilishukuru. Aliniomba tu nimtajie mipaka ya shamba langu kama ilivyotajwa kwenye vibamba vya shaba, upande kwa upande. Akafumba macho yake yasiyoona, akakunja mikono, akasubiri kama mwandishi wa mfalme.

Nikamwambia mashariki ni kijito cha kuchotea maji. Kusini ni kichuguu, na mkuyu tulioukata matawi ya kupikia kwenye matanga ya baba. Magharibi ni njia ya kanisani.

"Na kaskazini?" akauliza.

"Kaskazini," nikamwambia, "ni pengo la mtu mmoja, na mama yangu amekaa hapo anafukuza mbuzi."