Nyusi Zangu Zilibaki kwa Mama wa Watu

Ninyi munaonicheka hapa Murara, leo nasema ukweli wote: nyusi zangu ni za kuchora kwa krayoni.

Volkano ilipounguza nyumba yetu, mama alirudi Rutshuru kwa dada yake. Kisha waasi wakafunga barabara, na simu yake ikazimika. Kila nilipopiga bila kupata jibu, vidole vilinipanda usoni, vikang'oa unywele mumoja wa nyusi. Nilidhani ni ugonjwa. Munganga akanipima, akaangalia mikono yangu, akasema: "Binti, pomadi haitasaidia. Ni vidole vyako. Vikitulia, nyusi zitaota." Sasa nani avitulize?

Juzi tukasikia barabara imefunguliwa, bisi ya kwanza kutoka Rutshuru inakuja kwenye parking. Nikachora nyusi nzito, mama asinionee huruma. Mulango ulipofunguka, nikaona mutu anashuka kinyumenyume, amejifunga kikwembe cha kijani, mugongo ule ule wa mama. Nikamurukia nimefumba macho: kichwa kwa kichwa, kushoto, kulia, halafu paji kwa paji, vile tunasalimiana. Nikalia huku nikisugua paji langu kwa lake.

"Mutoto wangu," sauti ikasema polepole, "miye si mama yako."

Nikafumbua macho. Mama wa watu alikuwa na nyusi nne, mbili zake na mbili zangu. Parking nzima ikacheka, hata shofere. Nami nikacheka, huku nachungulia nyuma yake. Bisi ilikuwa tupu.

"Ulikuwa unangoja nani?" akaniuliza.

Kidole kilipanda chenyewe kutafuta unywele, kikarudi na weusi wa krayoni tu.