Nyumba ya Apiyo, Kutoka Kilimani

Mara ya kwanza Mzee Joab kuja dukani kwangu, kamera alikuwa ameifunga ndani ya sweta, kama mtu anayembeba kuku mgonjwa. Duka langu ni chumba kimoja karibu na soko la Roret. Napiga picha za pasipoti, nachapisha programu za mazishi, nasafisha picha za zamani kwa kompyuta. Wengi huniletea sura za watu wao waliokwisha kwenda, zilizopigwa kwa simu mbovu, wakiniomba niutoe uso gizani. Joab hakuleta uso. Alileta kadi ya kamera iliyojaa picha za kijivu na akaniuliza swali moja.

"Madam, unaweza kunionyesha hapa maji yanaishia wapi?"

Niliangalia kioo cha kompyuta kwa muda. Sikuona maji. Sikuona hata nchi kavu.

Joab alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Kwao ni chini huko Nyakach, karibu na ziwa, na ndiko alikojenga nyumba ya matofali, kidogo kidogo, kila likizo. Mke wake, Apiyo, alichuma chai mpaka siku alipoteleza kwenye mfereji akavunjika nyonga. Sasa anatembea na fremu ya chuma, kutoka kitandani hadi jikoni na kurudi. Walikuwa wamepanga kuhamia nyumbani. Apiyo alikuwa ameanza hata kufunga vyombo. Kisha ziwa likapanda. Redio ikataja watu wa ufuo wanaohama na vitanda vyao kichwani, na Apiyo akafungua maboksi, akarudisha sahani kwenye rafu, maboksi yakapandishwa darini.

"Nyumba yangu iko ndani ya maji," alisema, na hakutaka kusikia jingine.

"Kwani watu wa nyumbani hawana simu?" nilimuuliza Joab.

Alicheka bila furaha. "Simu wanazo. Mama Seth, mke wangu, ndiye asiyeziamini."

Akanieleza. Kwao, na hata kwetu Wakipsigis, mtu aliye mbali haambiwi habari mbaya kwa simu. Anaambiwa aje. Mama yake Joab alipofariki, Joab alimwambia Apiyo kwamba mama ana malaria kidogo, wafunge safari wakamwone. Walipofika, turubai lilikuwa limeshafungwa uani na watu wanalia. Apiyo hakulisahau turubai lile. Aluoch, mke wa ndugu yake Joab, ambaye anaichunga ile nyumba, alipotuma picha kwa simu, Apiyo alisema hiyo ni ya Krismasi ya kale. Joab aliposhuka mwenyewe, akalala huko usiku mmoja na kurudi kusema nyumba imesimama, mkewe alimtazama tu.

"Jaduong'," alimwambia, kama anavyomwita mzee wake, "wewe ndiye uliniambia mama ana malaria."

Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho angekiamini. Alipokuwa akichuma chai kwenye kilima cha juu, asubuhi za baada ya mvua upande wote wa magharibi ulikuwa unafunguka. Wanawake waliotoka ziwani walikuwa wakinyoosha migongo na kuonyeshana kwao kwa kidole. Kilima, alisema, hakijui kumbembeleza mtu. Kama Joab anataka wahame, ailete nyumba kutoka kilimani.

Ndiyo sababu Seth, mtoto wao, alinunua kamera ile. Aliipata kwa mtu anayewatembeza watalii wanaokuja kutazama ndege wa porini, kamera ndogo kwa umbo lakini lenzi yake ikivutwa inatoka kama shingo ya kobe, na kitu cha mbali kabisa kinakuja mpaka mlangoni.

Nilichukua kitambaa cha miwani nikapangusa lenzi. Kitambaa kikatoka na rangi ya chai ya rangi. Nikanusa.

"Mzee, hii kamera inalala wapi?"

"Jikoni, juu ya moto. Mama Seth ameitundika pale penye mahindi. Si unajua huku kila kitu kinaota kuvu?"

"Imepakwa moshi."

"Aa!" Akajipiga paja. "Kumbe tumeikausha kama samaki."

Nilidhani hilo lilikuwa limekwisha. Juma lililofuata alirudi na picha safi zaidi, lakini kila kitu ndani yake kilikuwa na vivuli viwili, kama kinachotetemeka kwa baridi. Nikamwambia kwamba ukivuta lenzi mpaka mwisho, hata pigo la moyo wako linaingia kwenye picha. Akashona kifuko akakijaza maharagwe, akakiweka juu ya nguzo ya ua kule kilimani na kulaza kamera juu yake. Nikamfundisha kuitega ijipige yenyewe baada ya kidole kuondoka. Alirudi akijisifu: "Sikuigusa! Hata pumzi nilishika!" Kweli haikutikisika. Ila sasa picha zilikuwa nyeusi, kwa sababu ya ukungu. Kamera ikiona weupe mwingi mbele yake hudhani mwanga umezidi, inafumba jicho, na nchi iliyo nyuma ya ukungu inabaki gizani. Nikamwonyesha alama ya kujumlisha, inayoongeza mwanga, aisukume kidogo kwenda juu.

Giza lilipoondoka, tuliona kitu kingine. Bonde lote lilikuwa linachemka. Mistari ya mashamba ilipinda kama nyoka, na paa za mabati zilikuwa zimeyeyuka.

Joab aliinama karibu na kioo cha kompyuta. Akatabasamu.

"Hii naijua. Hii ni hewa ya moto. Pale juu ya kikaushio cha majani kiwandani, ukimwangalia mwenzako upande wa pili, unaona uso wake unacheza. Nilipiga saa nne, jua likiwa limewaka huko chini. Kwa hivyo ninapiga picha ya joto."

Sikuwa nimewahi kuliwazia hilo. Kwamba kati ya kilima chetu na nyumba ile kulikuwa na hewa nyingi kiasi hicho, na kwamba hewa ni kitu, ina mwili, inasimama njiani.

Siku hiyo nilijaribu kumsaidia kwa kompyuta. Nilichukua picha iliyokuwa afadhali, nikaongeza tofauti ya mwanga na kivuli, nikanoa kingo. Katikati ya kijivu ukatokea mstari: upande huu nchi, upande ule maji. Joab alisimama kabisa kutoka kwenye stuli.

"Hapo! Hapo hapo!"

Nikanoa kidogo tena, na mstari ukahama. Sasa ulipita upande wa pili wa nyumba, na nyumba ikawa ndani ya ziwa.

Tulitazamana. Nikarudisha picha ilivyokuwa.

"Huo mstari ni wa kompyuta, Mzee. Si wa ziwa. Naweza kuinua kilichomo kwenye picha. Kisichokuwemo siwezi kukileta."

"Kumbe wewe ni spana tu," alisema, akikaa polepole. "Nilidhani wewe ni fundi."

Jioni hiyo nilimsindikiza nyumbani, nikiwa na picha ile ya kijivu nimeichapisha. Apiyo alikuwa ameketi karibu na jiko, miguu kwenye blanketi. Aliishika picha karibu, akaiweka mbali, akaigeuza juu chini.

"Chepchirchir, mwanangu, hii ni nini? Uji?"

"Ni nyumba yako, Mama Seth," alisema Joab.

"Ya nani? Ya samaki?"

Nikacheka, na yeye akacheka kidogo, lakini hakuiachia picha. Nikamweleza kwamba nyumba kutoka huku ni punje ya mchele, na kwamba hata hewa ikitulia huenda tusiijue kati ya nyumba zingine. Alichokoa makaa.

"Kile kioo changu," alisema mwishowe. "Kile kirefu, cha chumbani. Nyumba yetu inaangalia huku juu, na asubuhi jua linapiga mlango. Aluoch akitoe nje akielekeze kilimani. Tulipokuwa wasichana tulikuwa tunawachoma wavulana macho hivyo, wakiwa ng'ambo ya mto. Kioo kikiwaka, hapo pana mtu amesimama, na mtu hasimami juu ya maji. Lakini nataka nione na ziwa liko wapi. Nataka vyote viwili kwenye picha moja."

Kwa hiyo tukangoja mvua. Ilinyesha mara kadhaa bila faida, ikifuatiwa na ukungu uliolala juu ya chai hadi mchana. Kisha ikaja mvua nzito iliyopiga mabati usiku kucha, na alfajiri Joab alikuwa anagonga mlango wangu, buti zimejaa matope, kifuko cha maharagwe shingoni.

Nimezaliwa huku. Nimepita kwenye kilima kile nikienda shule na nikienda kuchota maji. Labda siku zote nilikuwa naangalia njia. Asubuhi hiyo tulitoka kwenye mstari wa mwisho wa chai, na nchi ikaisha miguuni mwetu. Chini kulikuwa na uwanda wote, umeoshwa, kila ua na kila kijia mahali pake, na moshi wa jikoni ukipanda wima kwa watu ambao sitawajua kamwe. Na nyuma ya uwanda, ziwa. Halikuwa limelala. Kutoka juu kule lilionekana limesimama, ukuta wa fedha juu ya nyumba za watu, na nikaelewa kwa nini Apiyo alirudisha sahani kwenye rafu.

Joab aliweka kifuko juu ya nguzo, akalaza kamera, akavuta lenzi. Hakuivuta mpaka mwisho kabisa, kwa kuwa nilikuwa nimemweleza kwamba mwishoni kamera huanza kukuza tu punje za picha, bila kuongeza kitu. Niliiweka ipige mfululizo. Akampigia Aluoch simu, sauti ya juu.

"Umekitoa?"

"Nimekitoa, shemeji, ni kizito kama bibi harusi! Nielekeze wapi?"

"Huku juu. Zungusha polepole. Polepole, kama unambembeleza mtoto."

"Kinanichoma mwenyewe!"

"Inua kidogo. Sasa peleka kulia. Kulia, Aluoch!"

"Kulia kwangu au kwako?"

Nilikuwa naangalia kwa macho yangu tu, bila kamera. Uwanda ulikuwa kimya. Kisha katikati ya ile kijani na hudhurungi, asubuhi kweupe, nyota ikawaka ardhini.

Sijui niiseme vipi. Ilikuwa ndogo kuliko ncha ya sindano, na kali kiasi kwamba nilirudi nyuma. Jua lilikuwa linachomoza migongoni mwetu. Mwanga ule ulikuwa umepita juu ya vichwa vyetu, ukashuka uwanda wote, ukaingia kwenye kioo ambacho Apiyo alikuwa akijitazamia akichana nywele, ukageuka, na kutupanda tena kilimani. Uliwaka, ukazima. Ukawaka tena.

"Mzee," nilisema. "Mzee, piga!"

Alikuwa amesimama mikono imening'inia, machozi yakimtoka, ameisahau kamera kabisa.

"Mnaniona?" Aluoch alikuwa akipiga kelele kwenye simu. "Mbona mmenyamaza? Mmekufa?"

Joab akabonyeza. Kamera ikapiga, ikapiga.

Dukani tulizipitia moja moja. Nyingi hazikuwa na kitu. Kwenye moja tu nyota ilikuwemo, na hewa ilikuwa imetulia. Sikuinoa. Niliinua mwanga kidogo kwenye vivuli, basi, na nchi ikajitokeza kama mtu anayefungua dirisha. Nyumba, ndogo. Ua wa minyaa. Mwanga mbele ya mlango. Na juu ya paa, nyuma ya nyumba, karibu, karibu mno, maji. Mkuyu uliokuwa mwisho wa shamba ulikuwa umesimama ndani ya ziwa, na shamba lote la chini halikuwepo.

Nikamgeukia Joab. Hakushangaa.

"Uliyaona uliposhuka," nilisema.

"Niliyaona." Alikuna kidevu. "Madam, unaweza kukata hapa juu? Ubakishe nyumba na mwanga."

Ni kazi rahisi. Naifanya kila siku: nakata mkono wa mtu mwingine begani, nakata kitanda cha hospitali. Nikaweka mstari wa kukatia juu ya paa na kungoja, kwa sababu nyumba ilikuwa yake na mke alikuwa wake. Alitazama mstari ule muda mrefu. Chini ya mstari nyumba ilikaa pekee, nzuri, ikiangaza. Ilifanana na picha yoyote ya simu.

"Wacha," alisema. "Hiyo ni malaria tena. Toa yote."

Nikachapisha kubwa, kwenye karatasi nzuri. Aliniomba twende pamoja, na tulipofika nilikaa karibu na mlango.

Apiyo aliipokea kwa mikono miwili. Kidole chake kilianza juu. Kiligusa maji, kikashuka polepole hadi kwenye mkuyu, kikabaki hapo.

"Mkuyu umeingia," alisema.

"Umeingia," Joab alijibu.

"Na shamba la mtama."

"Lote."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia."

Kuni zilialika jikoni. Nilidhani ataiweka picha chini. Lakini kidole kilitoka kwenye mkuyu, kikavuka minyaa, kikafika kwenye ile nukta nyeupe, na akaifunika kabisa, kama mtu anayebonyeza kengele. Aliinua kidole akaangalia. Akaifunika tena, akainua tena. Bado iliwaka.

"Hapa Aluoch amesimama mlangoni?"

"Mbele ya mlango. Miguu yake mikavu."

Apiyo alivuta pumzi ndefu. Akaegemeza picha kwenye sufuria, mahali anapoweza kuiona, akamtazama mumewe kwa namna ambayo nadhani hakuwa amemtazama tangu siku ya lile turubai.

"Mpigie simu," alisema. "Mwambie akirudishe kioo ndani kabla hakijavunjika. Akitundike ukutani palepale, urefu wangu, si wake. Halafu unishushie yale maboksi."